Tribinali iko wazi: tuingie, tusikilize, tuandike

Katika makambi na mitaa yetu, kutoka Lubumbashi mpaka Kolwezi, habari ya tribinali inatembea kwa midomo. Mwenzetu amefukuzwa kazi, ameshitaki. Kesi inasogezwa tu kwa siku ingine, lakini kesho yake kwenye mgodi wanasema: "Amekwisha kushindwa." Bibi yake anasikia vile sokoni, moyo unavunjika, na kuna familia zinaacha kufuata haki yao sababu ya neno kama hilo. Ndiyo maana sisi wa sendika tunajifunza kuandika habari za tribinali.

Kwanza, mlango uko wazi. Katiba ya 2006, kifungu cha 20, inasema vikao vya tribinali ni vya watu wote, isipokuwa tribinali yenyewe iamuru kufunga mlango kwa ajili ya usalama ao adabu. Kifungu cha 21 kinaongeza: hukumu iandikwe pamoja na sababu zake, itangazwe mbele ya watu. Kwa hiyo hatuombi ruhusa kwa kampuni ili kuikala ndani. Telefone tunaizima, tunatumia kalamu na kaye.

Pili, tunafika mapema. Tunasoma orodha ya kesi kwenye ukuta na kuandika namba: RP ni kesi ya makosa ya jinai, RC ni ya madai. Majina tunauliza kwa karani, herufi kwa herufi.

Tatu, kila neno na mwenyewe. Avoka akisema "mtu huyu aliiba kebo", tunaandika kwamba ni avoka amesema. Parke ikiomba miaka mitano, hiyo ni ombi, haiko hukumu. Kifungu cha 17 kinasema mshitakiwa anahesabiwa hana kosa mpaka hukumu ya mwisho. Mtoto wake asiitwe mtoto wa mwizi kule masomo sababu ya haraka yetu.

Nne, tujue tribinali ya kazi inatembea namna gani. Mbele ya kufika pale, mgogoro wa mtumikaji na muajiri wake unapita kwanza kwa inspekta wa kazi, kutafuta mapatano. Basi tunauliza: karatasi ya inspekta iko? Mezani wanakaa watu watatu: zuzi mkubwa, mmoja wa upande wa waajiri, mmoja wa upande wa watumikaji.

Hapa ndipo pagumu kwetu. Sisi tuko na upande, kila mtu anajua. Lakini tukificha maneno ya kampuni, mtumikaji mwenyewe hatajua namna ya kuyajibu, na siku ingine hakuna atakayetuamini. Tunaandika pande mbili.

Mwisho, turudi. Kesi ikilazwa mara tatu, turudi mara tatu, mpaka hukumu isomwe. Baba na mama, vijana munaojua kusoma: njooni tuikale pamoja pale. Zuzi anayeona watu wanaandika anajua kwamba nje kuna watu wanangoja.