Herufi za Mbao na Kazi ya Chapa katika Ghuba ya Mwanza

Ng'ambo ya mji wa Mwanza, katika ukingo wa magharibi wa ghuba, iko Kamanga, mahali pa kivuko panapojulikana na kila msafiri aendaye Sengerema na Geita. Afuataye ghuba hiyo kwa kuelekea kusini, akapita Busisi ambako daraja kubwa lilifunguliwa mwaka 2025, huikaribia nchi ambayo katika vitabu vya karne ya 19 huitwa Usambiro. Huko, kati ya mwaka 1887 na 1890, ilikuwako karakana ambamo herufi za chapa zilitengenezwa toka mwanzo hadi mwisho, jambo lililokuwa adimu sana barani wakati ule. Habari za karakana hiyo hazisimuliwi mara nyingi. Waandishi wa maisha ya fundi wake, Alexander Mackay, hutazama zaidi mambo ya dini na fitina za baraza la Buganda kuliko vifaa alivyovishika mkononi. Lakini vifaa navyo vina historia, na historia hiyo huanza mbali na ziwa.

Neno chapa limetujia kutoka Bara Hindi, na maneno herufi na karatasi ni ya Kiarabu. Neno risasi, ambalo siku hizi watu wengi hulifikiria katika bunduki tu, ni jina la madini yenyewe; na madini hayo, yakichanganywa na bati na madini mengine ya kuyatia ugumu, ndiyo yaliyosubiwa kuwa herufi za vitabu kwa muda wa karne nyingi. Katika upigaji chapa wa namna ya kale uso wa herufi husimama juu kuliko sehemu nyingine zote. Wino hupakwa usoni, karatasi hukandamizwa juu yake, na alama hubaki. Kwa hiyo sharti moja halina msamaha: herufi zote ziwe na kimo kimoja. Kimo hicho kwa Waingereza na Wamarekani ni inchi 0.918, yaani zaidi kidogo ya milimita 23. Iliyo fupi kwa unene wa karatasi huchapa hafifu, na iliyo ndefu hutoboa.

Risasi ilifaa sana kwa herufi ndogo za kitabu. Ama kwa herufi kubwa za matangazo, zenye kimo cha kiganja au zaidi, ilikuwa tabu tupu. Herufi moja ilikuwa mzigo, bei yake ilikuwa kubwa, na ilipopoa katika kalibu uso wake uliweza kubonyea katikati. Dawa ilikuwa mti. Wachina walikuwa wameijua siri hiyo zamani: Wang Zhen alichonga herufi za mbao mwishoni mwa karne ya 13 na kueleza kazi yake katika kitabu cha mwaka 1313. Lakini ufundi wa kuzitengeneza kwa wingi kwa mashine ulianza New York mwaka 1827, Darius Wells alipotumia keekee izungukayo kwa kasi kuondoa mbao iliyo kando ya herufi. Mwaka 1834 William Leavenworth aliiunganisha keekee hiyo na pantografu, yaani mkono wa kunakilia: mtu hufuatisha kielelezo kimoja kwa ncha, na upande wa pili mashine huchonga herufi ile ile, kubwa au ndogo apendavyo.

Tangu hapo mapambo hayakuwa na kizuizi. Zilitoka herufi nene kama magogo na nyembamba kama mabua, herufi zenye vivuli, zenye miguu mipana kama matofali, zenye maua tumboni. William Page alitoa mwaka 1874 kitabu cha vielelezo vya herufi za rangi mbili na zaidi, ambazo kila rangi ilikuwa na kipande chake cha mbao na kuchapwa juu ya nyingine. Mwaka 1880 J. Edward Hamilton alianza kazi hiyo Two Rivers, Wisconsin, na kiwanda chake kikaja kuwameza washindani wengi. Mbao iliyopendwa ni ya mepo, mti mgumu wa Marekani Kaskazini. Ilikatwa kwa kupasua shina kwa mapana, ili uso wa herufi uwe ncha za nyuzi wala si ubavu wake, kwa maana ncha za nyuzi hustahimili kukandamizwa mara nyingi bila kupasuka.

Hakuna hata moja katika mitambo hiyo iliyofika ziwani mwaka 1878. Mackay, Mskochi aliyezaliwa mwaka 1849 na kusomea uhandisi Edinburgh, alifika Unguja Mei 1876, na miaka miwili baadaye alikuwa Kageyi, pwani ya kusini ya ziwa, akipanga shehena iliyoharibika na kutengeneza mashua iliyovunjika. Wenzake wawili, Shergold Smith na O'Neill, walikuwa wameuawa Ukerewe Desemba 1877. Aliingia Buganda Novemba 1878. Katika baraza la Kabaka Mutesa lugha ya kuongea na wageni ilikuwa Kiswahili, na baadhi ya watu wa ikulu walikwisha jifunza kusoma kwa herufi za Kiarabu kutoka kwa Waislamu. Mackay alisoma mbele yao Injili za Kiswahili zilizofasiriwa na Edward Steere wa Unguja, kwa hiyo yafaa kusema kwamba Kiswahili kilichopigwa chapa kilitangulia Luganda iliyopigwa chapa katika nchi hiyo hiyo ya Waganda.

Wanafunzi walipozidi, alikuwa na mtambo mdogo na herufi chache. Hapo ndipo alipochonga herufi kubwa za mti kwa mkono wake, ili apige chapa karatasi za kujifunzia kusoma. Ukubwa wa herufi haukuwa urembo. Karatasi ilikuwa haba na watu walikuwa wengi; herufi ikiwa kubwa, karatasi moja ikatundikwa, watu kumi waweza kuisoma pamoja. Huko Amerika herufi kubwa ya mbao ilitafuta jicho la mnunuzi apitaye njiani. Huku ilitafuta jicho la mwanafunzi aliyeketi nyuma.

Kuchonga herufi kwa kisu si kazi ya mzaha. Kila herufi huchongwa kinyume, kama ionekanavyo katika kioo, na anayeanza huchanganya b na d, p na q. (A, I, M, O, T, U na W katika umbo lake kubwa hazina shida hiyo, kwa kuwa pande zake mbili ni sawa, na herufi hizo ndizo Kiswahili kinazozitumia bila kuchoka.) Tena mti hauna kimo cha kudumu: hunywa unyevu wakati wa masika ukavimba, hujikunja wakati wa kiangazi, na mchwa hawajali kama ubao umeandikwa kitu. Ama herufi za Kiarabu zingekuwa taabu zaidi, maana hubadilika umbo kwa kadiri ya mahali pake katika neno na kushikana na jirani zake.

Karatasi hizo na vijitabu vilivyofuata viliitwa mateka, na waliozisoma waliitwa basomi, yaani wasomaji. Katika Luganda kusoma na kusali ni neno moja. Jina hilo lilikuja kuwa la hatari. Mutesa alifariki mwaka 1884, Mwanga akatawala, na Januari 1885 vijana watatu wa misheni walichomwa moto. Mwaka 1886 wakauawa wengi Namugongo, Waprotestanti na Wakatoliki pamoja. Katika siku hizo hizo Injili ya Mathayo kwa Luganda ilikuwa ikipangwa na kupigwa chapa. Kipande cha karatasi chenye maandishi kiliweza kuwa ushahidi dhidi ya aliyekishika, na hata hivyo watu waliendelea kukitafuta.

Julai 1887 Mackay alilazimika kuondoka Buganda, akavuka ziwa na kukaa Usambiro. Stanley alipopita hapo Agosti 1889 aliona karakana iliyojaa zana, boila ya mashua ikitengenezwa, na mashimo ya kupasulia magogo. Hapo Mackay aliachana na mti. Alichonga mihuri ya chuma cha pua, mmoja kwa kila herufi, akaigonga katika vipande vya shaba nyekundu, na katika alama zile akamimina madini ya moto. Ni kazi ambayo Ulaya iligawanywa kwa mafundi kadhaa, kila mmoja na miaka yake ya kujifunza. Faida yake ni kwamba herufi ya mti ikivunjika huchongwa upya, lakini ya risasi husubiwa tena kwa dakika chache, zote zikiwa sawasawa. Mackay alikufa kwa homa hapo Usambiro tarehe 8 Februari 1890, akiwa katika kuifasiri Injili ya Yohana. Mifupa yake ilihamishiwa Namirembe mwaka 1927.

Herufi za mbao za viwandani zilikuwa na taabu nyingine kwa lugha zetu. Ziliuzwa kwa mafungu yaliyopimwa kwa Kiingereza. Fungu lililoitwa la A tatu lilikuwa na A tatu tu, na herufi nyingine kwa kadiri ya mahitaji ya Waingereza. Msomaji na atazame tangazo la mfano: MKUTANO WA WAKULIMA WA PAMBA UTAFANYIKA KAMANGA. Lina herufi 41, na katika hizo A ni 13. E, ambayo ni malkia wa Kiingereza, haimo kabisa. Mpiga chapa angehitaji mafungu matano ili apate A za kutosha mstari huo mmoja, na Q na X zake zote zingelala katika sanduku. Kwa hiyo wenye akili walivunja sentensi katika mistari ya herufi za sura mbalimbali, nene hapa na nyembamba pale, kila sura ikitoa A zake chache. Mchanganyiko wa namna hiyo, ambao mtazamaji huudhania kuwa pambo, mara nyingi ni dalili ya sanduku lililopungukiwa.

Uchapaji wa ofseti, ambao hauhitaji herufi kusimama, ndio uliozimaliza herufi hizo. Two Rivers ilifungua makumbusho yake ya herufi za mbao mwaka 1999, na mashine za kuzichongea bado ziko huko. Katika Afrika ya Mashariki mstari wa herufi kubwa umehamia katika nguo: jina la kanga huandikwa chini ya picha, na kwa kawaida kwa herufi kubwa zilizokatwa wazi wazi, zisomeke na mtu aliye ng'ambo ya barabara. Ama mpanga herufi wa Kiswahili aliyeishiwa na A, alikuwa na hila ya mwisho: kuigeuza V kichwa chini na kuacha jicho la msomaji lichore kile kijiti cha katikati.