Morris Hillquit, wakili wa wahamiaji wa New York (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulimwacha kijana Moishe Hillkowitz akishona mashati katika karakana za Lower East Side, New York, alikofika kutoka Riga mwaka 1886 akiwa na umri wa miaka 17. Tuliona alivyojifunza Kiyidi, lugha ambayo kwao haikuwa ya nyumbani, ili aweze kuwakusanya washonaji wenzake katika vyama vya wafanyakazi. Leo tunamkuta na jina jipya, Morris Hillquit, na shahada ya sheria aliyoipata Chuo Kikuu cha New York mwaka 1893.

Uwakili haukumtoa kwenye siasa, bali ulimzamisha humo. Vyama vya washona nguo vilimtegemea mahakamani na katika majadiliano na waajiri, na mwaka 1901 akawa miongoni mwa waasisi wa Chama cha Kisoshalisti cha Marekani. Aliamini kuwa mfanyakazi atapata haki yake kwa kura na kwa sheria, si kwa bunduki. Msimamo huo ulimgombanisha na wenzake wa mrengo mkali miaka nenda miaka rudi.

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka 1917. Marekani iliingia Vita vya Kwanza vya Dunia mwezi Aprili, na mwezi huohuo wasoshalisti walikutana St. Louis wakapitisha tamko la kuvipinga vita hivyo. Hillquit alikuwa mmoja wa waliolitunga. Miezi michache baadaye akagombea umeya wa New York, akihubiri amani na unafuu wa bei za vyakula. Alipotakiwa kununua hati za mkopo wa vita, alikataa hadharani, na wapinzani wakamwita msaliti wa nchi. John Hylan, mgombea wa Tammany Hall, mtandao wa chama cha Democratic jijini humo, ndiye aliyeshinda. Lakini Hillquit alipata kura 145,332, takriban asilimia 22, wakati miaka minne kabla yake chama chake kilikuwa kimeambulia kama 32,000 tu.

Msomaji aitazame vizuri hesabu hiyo. Kura zote zile ni za wanaume. Wanawake, ambao ndio waliobeba mgomo mkubwa wa washona blauzi wa mwaka 1909, hawakuwa na haki ya kumpigia kura. Jimbo la New York liliwapa haki hiyo katika uchaguzi uleule wa Novemba 1917. Wahamiaji ambao hawajapata uraia nao walibaki nje ya vituo. Kwa maoni yangu, nguvu yake halisi mitaani ilizidi sana ile iliyohesabiwa.

Januari 1920, siku ya kwanza ya kikao cha bunge la jimbo mjini Albany, Spika Thaddeus Sweet aliwaita mbele wabunge watano wa kisoshalisti, na bunge likawasimamisha kwa sababu ya chama chao. Hillquit, aliyekuwa akitibiwa kifua kikuu huko Saranac Lake, alirudi kuongoza utetezi wao. Hata Charles Evans Hughes, kigogo wa Republican, alipinga dhuluma ile. Haikusaidia: tarehe 1 Aprili walifukuzwa. Wapiga kura wakawarudisha wote watano mwezi Septemba. Watatu wakafukuzwa tena, na wawili waliobaki wakajiuzulu kwa kuwaunga mkono wenzao. Wakili aliyewaambia wafanyakazi maisha yake yote kwamba sanduku la kura linatosha alishuhudia sanduku hilo likipuuzwa mara mbili katika mwaka mmoja. Hata hivyo hakuiacha njia hiyo.

Mwaka 1932 aligombea tena umeya, akapata takriban kura 250,000, akashindwa. Alifariki tarehe 8 Oktoba 1933. Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala aliyechaguliwa meya wa New York Novemba 2025, naye ni msoshalisti, ila alipita kwa tiketi ya Democratic. Hillquit hakukubali kamwe kugombea kwa tiketi ya chama kikubwa.

Juma lijalo tutamtazama Meyer London, mhamiaji na wakili mwenzake, ambaye mwaka 1914 alichaguliwa kuingia Bunge la Marekani kutoka mitaa hiyohiyo ya Lower East Side.