Bibi Naye Ana Mikorosho Yake

Kila yanapozungumzwa mazingira ya kazi ya watafiti vijana wenye watoto wachanga au wazazi wagonjwa, hazikosi kusikika kauli zile zile: "Kwani hana bibi wa kumlelea?" Swali hilo limechosha. Baya zaidi, limekuwa kisingizio cha kutopanga lolote.

Chukua utafiti wa korosho Masasi na Newala, kusini mwa Tanzania. Ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaokausha maua, hushambulia mikorosho inapochipua na kuchanua, kati ya Juni na Septemba hivi. Salfa ya unga hupulizwa alfajiri, upepo umetulia na umande ungali kwenye majani. Mtafiti anayejaribu viuatilifu hukagua mti mmoja baada ya mwingine, akikadiria ni sehemu gani ya kila shada la maua imeshikwa na ukungu, na baada ya wiki mbili au tatu huanza upya. Akikosa mzunguko mmoja, takwimu za msimu mzima zina pengo, na maua mengine ni mpaka mwakani. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele kiko jirani na mji wa Mtwara, na barabara ya Mtwara hadi Masasi kupitia Newala ina kilomita 210. Hakuna kwenda na kurudi kunyonyesha. Mtafiti hulala kijijini.

Sasa huyo bibi yuko wapi? Ajira za serikali hupangwa kitaifa. Binti wa Bukoba akipangiwa Mtwara, mama yake yuko upande wa pili wa nchi. Hata aliyezaliwa Newala, mama yake ni mkulima: miezi hiyo hiyo ya ubwiriunga naye anahangaikia salfa ya mikorosho yake, kisha anaingia kwenye kuokota korosho. Juu ya uwanda wa Makonde udongo ni wa kichanga usioshika maji, chemchemi ziko chini mabondeni, na si kila kitongoji kina bomba la kutegemewa. Mwanamke wa miaka sitini anayebeba ndoo kichwani hawezi kuhesabiwa kuwa mtu asiye na kazi.

Tena malezi huelekea upande wa pili. Wamakonde wa uwanda huo huhesabu ukoo kwa mama. Binti aliyesoma akapata mshahara ndiye anayetazamwa mama anapopooza, na ndiye anayepigiwa simu watoto wa dada yake wanapokosa sare za shule. Ukoo anaodhaniwa utampunguzia mzigo ndio unaomwongezea. Wanaokimbilia jibu la dada wa kazi nao wakumbuke kwamba posho ya safari hulipwa kwa mtafiti peke yake. Nauli, chakula na kitanda cha huyo dada hutoka kwenye mshahara wa mwajiriwa mpya.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ilipotungwa ilimpa mama likizo ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na hadi saa mbili za kunyonyesha kila siku. Saa hizo zina faida gani mtoto akiwa Mtwara na mama akiwa Newala? Baba alipewa siku 3. Kwa ugonjwa wa mtoto ziliwekwa siku 4. Kwa mzazi, siku hizo zilitajwa akifariki tu, si akiugua.

Yanayowezekana ni mengi. Bajeti ya utafiti iwe na fungu la mlezi wa kusafiri na mtoto. Kila jaribio liwe na watu wawili waliofunzwa kukadiria ugonjwa kwa kipimo kimoja, ili mmoja akiuguza, mwenzake aendelee. Maafisa ugani wa kata wakusanye takwimu kwa simu. Wanaume waulizwe pia nani anauguzwa nyumbani kwao. Ukomo wa miaka ya kuomba ruzuku usogezwe: Baraza la Utafiti la Ulaya humwongezea mama miezi 18 kwa kila mtoto. Huko Ujerumani, Christiane Nüsslein-Volhard, mshindi wa Nobel wa 1995, alianzisha mwaka 2004 mfuko unaowasaidia wanasayansi wanawake wenye watoto kulipia kazi za nyumbani na malezi. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, mikorosho ikiwa tayari inachanua, kwa hiyo maombi ya fungu la mlezi yaandikwe miezi kadhaa kabla.