Mtoto na Kijiko cha Asali

Siku moja darasani mtoto wa mwaka wa tatu alituuliza: «Mwalimu, je, asali ni mkojo wa nyuki?» Darasa zima likaangua kicheko, nasi tukacheka pamoja nao. Lakini jioni, tulipokuwa tukisahihisha madaftari, tukaona haya. Mtoto aliuliza apate kujua, nasi tulimjibu kwa kicheko. Tangu siku ile twaamini kwamba asali ni somo jema kwa watoto, shuleni na nyumbani pia.

Kwanza, mtoto apewe jibu lake. Nyuki hunyonya maji matamu ya maua kwa ulimi wake mrefu, akayatia katika kifuko kilicho mbali na tumbo la chakula chake. Akirudi mzingani huwapa wenzake, mdomo kwa mdomo, na mate yao huigeuza ile sukari. Kisha huyaweka katika vijumba vya sega na kuyapepea kwa mabawa, hata maji yaliyobaki ndani yake hayafiki sehemu moja katika tano. Ndipo huviziba vijumba kwa nta: asali imeiva. Wakati wa maua mengi nyuki mtenda kazi huishi majuma sita hivi tu, na asali ya maisha yake yote haijazi hata kijiko cha chai.

Lakini mtoto asiambiwe tu, aone. Twaeni visahani viwili, mtie maji kidogo, sawasawa. Kimoja kipepewe na watoto kwa zamu, kingine kiachwe. Kile kilichopepewa kitakauka kwanza, nao watajua kazi ya mabawa. Tena wekeni dirishani asali kidogo, na kando yake maji ya sukari. Baada ya siku kadhaa maji ya sukari yatachacha. Asali iliyofunikwa vema haitaharibika, kwa kuwa ina maji machache mno na uchachu wake, wadudu wa kuozesha hawawezi kusitawi ndani yake.

Kisha waelezwe habari za kale. Huko Bicorp, katika nchi ya Hispania, pangoni mna picha iliyochorwa maelfu ya miaka iliyopita: mtu amening'inia juu akirina asali, na nyuki wamzunguka. Hapa Afrika, Padre João dos Santos, Mdominikani wa Ureno, alipokuwa Sofala katika Msumbiji, aliona ndege wadogo wakiingia kanisani kudonoa nta ya mishumaa. Habari hiyo aliiandika katika kitabu kilichotolewa mwaka 1609. Ndege hao ndio walembe, ambao huwaongoza warina asali mpaka kwenye nyuki, wapate nao masega yatakayobaki.

Mwanafunzi mvivu na asikie habari za François Huber wa Geneva, aliyepofuka macho tangu ujana wake. Kila siku alimwuliza msaidizi wake, François Burnens, maswali juu ya mizinga. Burnens akatazama, akajibu. Kwa njia hiyo kipofu huyo alitambua kwamba malkia wa nyuki hukutana na madume nje ya mzinga, akaruka angani, jambo ambalo wengi wenye macho walikuwa hawajalijua. Kitabu chake kilitoka mwaka 1792. Kuuliza vema ni nusu ya kuona.

Enyi akina mama, hapa twawaomba msikilize sana. Mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asilambishwe asali hata kidogo, wala kwa dawa ya kikohozi, wala kwa desturi ya ukoo. Yaweza kuwa na vijidudu visivyomdhuru mtu mzima, lakini ndani ya matumbo ya mtoto mchanga huzaana na kutoa sumu inayolegeza viungo vyake, hata kumzuia kupumua.

Kesho yake tulimwita yule mtoto mbele ya wenzake, tukamjibu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: «Basi, mwalimu, tukichukua asali yote, nyuki watakula nini?»

Safari hii hakuna aliyecheka. Wengi wetu tumewaona warina asali wakichoma kundi zima kwa moto na kuangusha mti, na watoto wa nyuki wakafa ndani ya masega. Mwaka unaofuata hakuna asali, na maboga ya shambani hukosa wa kuyachukulia unga wa maua. Hata hivyo njia iliyo bora yajulikana. Mwaka 1851 Lorenzo Langstroth, mchungaji wa Marekani, alitengeneza mzinga wenye viunzi vya mbao vinavyotoka kimoja kimoja, bila kuvunja makao. Hata mwenye mzinga wa gogo aweza kutumia moshi mdogo, na kuwaachia nyuki sehemu ya masega.

Wahenga walisema: fuata nyuki ule asali. Yafaa watoto wetu wamfuate hata kwa akili zao, ili nao wapate wa kumfuata mwaka ujao.