Mchepuo wa Kidato cha Tano: Mzigo Umfae Mbebaji

Msafiri atokaye Mbarara kuelekea Masaka hupita Biharwe, na hapo kandokando ya barabara kuu huuona mnara wa kukumbusha siku jua lilipopatwa. Mapokeo husimulia kwamba askari wa Olimi, mfalme wa Bunyoro, walikuwa wamekwisha kuteka ng'ombe wa Nkore, ndipo giza likaingia mchana. Wakafadhaika, wakaondoka, na ng'ombe wakabaki. Wataalamu wamelinganisha habari hiyo na kupatwa kwa jua kwa tarehe 17 Aprili 1520.

Yafaa mzazi ajiulize, tarehe hiyo ilijulikanaje? Wazee walikihifadhi kisa, mwanahistoria akakisikiliza na kukipima, naye mwanahisabati akapiga hesabu za mwendo wa jua na mwezi. Lau mmoja wao angaliidharau kazi ya mwenzake, tungalibaki na kisa kisicho na mwaka, au mwaka usio na kisa.

Twaanza na mnara huo kwa sababu dharau ya namna hiyo huingia kila mwaka katika nyumba zetu, hapo Biharwe, mjini Mbarara, na hata katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale wilayani Isingiro. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, ubishi huanza. Baba asema, "Mtoto wangu hatasoma hadithi za wafalme waliokufa." Mtoto naye asema moyoni, "Fizikia ni ya wenye akili, mimi nitafute jepesi." Wote wawili wamekosea.

Mlango Unaofungwa Kimya

Mtaala mpya wa kidato cha kwanza hadi cha nne ulianza nchini Uganda mwaka 2020, na watahiniwa wake wa kwanza walifanya mtihani mwaka 2024. Katika kidato cha tatu na cha nne mwanafunzi husoma masomo manane au tisa. Saba kati ya hayo ni ya lazima: Kiingereza, Hisabati, Fizikia, Kemia, Biolojia, Jiografia, na Historia pamoja na elimu ya siasa. Kazi anazozifanya darasani huhesabiwa asilimia 20 ya matokeo, na mtihani wa mwisho asilimia 80.

Aingiapo kidato cha tano, masomo hayo hupungua ghafula. Huchagua makuu matatu tu, na huo ndio mchepuo wake. Juu ya hayo huongeza Maarifa ya Jumla, na somo moja dogo, ama Hisabati ndogo ama teknolojia ya habari na mawasiliano. Masomo mengine yote huyaaga siku hiyo.

Hapo ndipo penye hatari. Mtoto aliyeiacha Kemia mwanzoni mwa kidato cha tano hatasikia mlango wowote ukigongwa. Lakini miaka miwili baadaye, akitamani udaktari katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilichofunguliwa mwaka 1989 karibu kabisa na kwao, atakuta kwamba Biolojia na Kemia ndizo ufunguo, naye anao mmoja tu. Vivyo hivyo kwa uhandisi, ambao hutaka Hisabati na Fizikia.

Hesabu ya Pointi

Wazazi wengi hulipa ada bila kuijua hesabu inayompandisha au kumshusha mtoto wao. Katika utaratibu uliotumika kwa miaka mingi, alama A ya somo kuu huwa pointi 6, B pointi 5, C pointi 4, D pointi 3, E pointi 2, na O pointi 1. Maarifa ya Jumla na somo dogo huleta pointi moja moja. Aliyefaulu kupita wote hufikisha pointi 20. Mtaala wa vidato viwili vya juu nao ulianza kurekebishwa mwaka 2025, kwa hiyo kila mzazi aulize shuleni utaratibu wa mwaka wa mtoto wake.

Vyuo vikuu vya umma havikutosheka na jumla hiyo. Viliyapa masomo uzito kulingana na fani inayoombwa. Somo la msingi wa fani huzidishwa kwa 3, linalohusika kwa 2, na linalopendelewa kwa 1. Kwa hiyo mwombaji wa udaktari mwenye B ya Biolojia na B ya Kemia hupata pointi 30 kwa masomo hayo mawili. Mwenzake mwenye E na E hupata 12. Wote wawili walisoma mchepuo wa kusifiwa mitaani, lakini sifa hiyo haikumwongezea wa pili hata pointi moja.

Sasa tumtazame mtoto wa tatu, aliyependa Historia, Jiografia na Uchumi, akapata B, C na B. Jumla yake ni 14, na masomo yake madogo yakimtimizia 2 atakuwa na 16. Huyo anayo njia pana ya sheria, ualimu, mipango na utawala.

Lakini tusimsahau wa nne. Huyu aliiweza Hisabati tangu kidato cha kwanza, akaikimbia kwa kuwa rafiki zake waliikimbia. Anaweza kutoka na pointi 17 na kupigiwa vigelegele. Siku atakapotaka uhandisi, pointi hizo zote hazitamfikisha mlangoni. Kuchagua mzigo mwepesi mno ni hasara kama kuchagua mzito mno, ila hasara yake huchelewa kuonekana.

Nyumba Mbili

Tuseme kuna baba huko Biharwe aliyeuza ng'ombe ili apate ada ya binti yake. Alisikia kwamba mwaka 2022 Serikali iliupandisha mshahara wa mwalimu wa sayansi mwenye shahada hadi shilingi 4,000,000 kwa mwezi, naye akaamua siku hiyohiyo kwamba binti atasoma Fizikia, Kemia na Biolojia. Hatumlaumu kwa kufikiri juu ya mshahara, maana ng'ombe hauzwi kwa mchezo. Ila hakuyafungua madaftari ya binti. Lau angaliyafungua, angaliona kwamba Hisabati na Jiografia zamng'arisha kila muhula, na kwamba Kemia humtoa machozi. Hisabati, Jiografia na Uchumi zingalikuwa mchepuo wa kumtoa jasho bila kumvunja mgongo, na Hisabati ya kufundisha ingalimfikisha kwenye mshahara uleule.

Tuseme tena kuna mama huko Nakivale aliyetoka Kivu na watoto wake. Makazi hayo yamewapokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na Kiswahili husikika humo sokoni, kisimani na katika nyumba za ibada. Jioni moja mwanawe amwambia:

"Mama, mimi nitachukua Kiswahili. Hicho hakinisumbui."

"Mwanangu," ajibu mama, "kuuza nyanya kwa Kiswahili na kukiandikia mtihani ni mambo mawili. Umemwuliza mwalimu?"

Mama huyo ana hekima. Kiswahili cha kidato cha tano kina sarufi na ngeli zake, kina ushairi, tamthilia, riwaya na insha. Kijana aliyezoea kusema kwa ufasaha wa Bukavu au Uvira atakuta kwamba upatanisho wa maneno kitabuni si ule wa nyumbani. Hiyo si sababu ya kukiacha. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni, na wenye kukijua kwa kina watahitajiwa. Basi na akichague kwa thamani yake, akijua kwamba anajitwika kazi na si mapumziko.

Mzazi wa Nakivale ana jambo jingine la kupima. Mtoto aliyesoma kwa Kifaransa huko Kongo au Burundi, kisha akaingia katika Kiingereza cha Uganda, anabeba somo la ziada lisiloandikwa katika ratiba. Maarifa ya Jumla huandikwa kwa Kiingereza, na maswali ya Historia hudai insha ndefu kwa lugha hiyohiyo. Pengine Hisabati, ambayo tarakimu zake hazikubadilika mpakani, ndiyo mahali pake pa kusimama imara wakati lugha inakomaa. Tena vyeti vya nje hulinganishwa na Baraza la Taifa la Mitihani la Uganda. Kazi hiyo ifanywe mapema, wala isingojee wiki ya kufungua shule.

Namna ya Kuupima Mzigo

Kwanza, yasitazamwe matokeo ya mtihani mmoja. Keti na mtoto, mzitandaze ripoti zake tangu kidato cha tatu. Somo lililopanda muhula hadi muhula, hata kama alama bado ni ya kati, lina ahadi kuliko lililokuwa juu likawa linashuka.

Pili, mwombe mwalimu karatasi ya mtihani wa zamani wa kidato cha sita katika kila somo analolitaka mtoto. Hatajua majibu, wala hatutazamii ajue. Mtazame tu akisoma maswali. Anayesema "hili nalitaka kulijua" amekwisha kuanza safari. Anayeifunika karatasi na kuomba ruhusa ya kwenda kulala naye amejibu.

Tatu, iulize shule maswali bila haya. Je, mwalimu wa somo hili yupo, au nafasi iko wazi? Maabara ina vifaa, na wanafunzi hufanya majaribio mara ngapi kwa muhula? Mchepuo ulioandikwa vizuri ubaoni, usio na mwalimu darasani, humgharimu mtoto miaka miwili.

Nne, jua vyuo vinataka nini kabla ya kuchagua, si baada ya matokeo. Kwa kawaida, aingiaye shahada moja kwa moja hutakiwa awe amefaulu angalau masomo makuu mawili katika mtihani mmoja. Walioko Mbarara wana vyuo vikuu karibu. Walioko Nakivale nao waulize juu ya ufadhili wa DAFI, ambao tangu 1992 umewasomesha wakimbizi wengi vyuoni kupitia Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi.

Tano, ukiisha kuyapanga masomo matatu, yapime pamoja. Iwapo yote matatu humtoa jasho usiku na mchana, badili moja. Iwapo hakuna hata moja linalomtoa jasho, badili moja pia. Mchepuo mwema una somo la kumvuta juu, somo analolimudu kwa bidii ya kawaida, na somo analolirudia mwenyewe bila kusukumwa.

Sita, kosa likionekana, lisahihishwe katika wiki za mwanzo. Mtoto anayesema mapema kwamba amelemewa asiitwe mvivu. Akinyamaza hadi muhula wa tatu, hata mwalimu aliye hodari hataweza kumhamisha.

Jikoni Nako Huchaguliwa

Kuna jambo ambalo halimo katika fomu yoyote ya shule. Fizikia hudai saa za kukokotoa, na Fasihi hudai saa za kusoma. Saa hizo hutoka nyumbani. Binti anayechota maji mara tatu baada ya masomo, akapika, akaosha vyombo, na kumbembeleza mdogo wake, huyafungua madaftari taa inapoanza kufifia. Kaka yake wakati huo amekwisha kumaliza zoezi lake. Kisha matokeo yakitoka twasema kwamba wasichana hawaiwezi sayansi!

Chuo Kikuu cha Makerere kilianza mwaka 1990 kuwaongezea wasichana pointi 1.5 katika udahili. Nyongeza hiyo ilikuwa njema, lakini hakuna chuo kinachoweza kumwongezea binti saa alizonyimwa nyumbani. Basi mkutano wa familia wa kuchagua mchepuo umalizike kwa kugawana kazi upya. Kaka naye ashike ndoo. Kama somo gumu limechaguliwa, nyumba nzima imelichagua.

Neno kwa Walioko Makazini

Huenda mzazi mkimbizi akasema kwamba masomo magumu ni ya wenyeji, na kwamba mtoto wake atosheke na kupita tu. Ntare, shule iliyoanzishwa Mbarara mwaka 1956, ilimsomesha Yoweri Museveni aliyekuja kuwa Rais wa Uganda, na ilimsomesha pia Paul Kagame, mtoto mkimbizi aliyekuja kuwa Rais wa Rwanda. Hatusemi kwamba kila mtoto atakuwa rais. Twasema kwamba ukimbizi wa mtoto hauelezi ni kazi ya ukubwa gani anaweza kuibeba. Madaftari yake ndiyo yanayoeleza, na kwa hiyo ni lazima yafunguliwe.

Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Baba wa Biharwe aliyeuza ng'ombe huuona mchepuo wa binti yake kuwa mwepesi kwa kuwa haubebi yeye. Kabla ya kutia sahihi katika fomu, na aketi na binti huyo jioni moja tu, redio ikiwa imezimwa, amwulize, "Mwanangu, katika haya matatu, lipi litakuwa zito zaidi, nasi tukusaidieje kulibeba?" Kisha angoje jibu.