Kifaranga Akikataa Kula

Msomaji, watu wengi huja hapa ofisini wakiuliza: "Nimenunua vifaranga, chakula nimewawekea, nao wamesongamana pembeni wakilia tu. Je, ni wagonjwa?" Huenda si wagonjwa. Hamu ya kula ya kifaranga huamriwa na ubongo wake.

Jua kwanza ya kuwa kifaranga hatoki katika yai mikono mitupu. Kabla ya kuanguliwa huvuta kiini kilichobaki kikaingia tumboni mwake, na akiba hiyo humtunza siku mbili au tatu. Ndiyo maana husafirishwa kwa maboksi bila kula, akafika mzima. Lakini usiitegemee mno: apewaye chakula na maji mapema, matumbo yake hukua upesi.

Chini ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi, ipokeayo habari za mwili. Hapo hutolewa kemikali namna namna. Moja, nyuropeptaidi Y, humtia kifaranga hamu ya kula. Nyingine humzuia. Na hapa pana ajabu. Mwaka 1999 wataalamu wa Japani waligundua grelini, itokayo tumboni, ambayo kwa panya na kwa mtu huongeza njaa. Ilipotiwa ubongoni mwa vifaranga, waliacha kula! Kisha ikaonekana kwamba hupitia kemikali ileile ambayo ubongo huitoa mnyama akishikwa na hofu. Usimpime kuku, basi, kwa kipimo cha mtoto wako.

Kwa hiyo mbwa abwekaye mlangoni, au watoto wanaowashika-shika vifaranga kutwa nzima, waweza kuwanyima chakula hata kama chombo kimejaa. Baridi nayo ni vivyo hivyo, maana kifaranga mwenye baridi haondoki penye joto aende kula. Juma la kwanza joto liwe digrii 32 hadi 35 za sentigredi. Wakirundikana chini ya taa, wana baridi. Wakikimbilia ukutani midomo wazi, joto limezidi.

Siku ya kwanza mwaga chakula kidogo juu ya gazeti kuukuu, ukigonga-gonga kwa kidole kama mama yao adonoavyo. Watakuja. Kesho yake asubuhi papasa kifuko cha chakula kilicho chini ya shingo. Kikiwa kimejaa na laini, amekula na kunywa. Kikiwa kigumu, tazama maji. Kikiwa kitupu, rudi kwenye taa.