Kozi za utunzaji: hesabu gharama hadi mlango wa kazi

Januari nilimsindikiza mpwa wangu kuulizia kozi ya kutunza wagonjwa na wazee jijini Nairobi. Bango la chuo cha kwanza lilisema Sh28,000 kwa miezi sita. Tulipoomba orodha yote kwa maandishi, karani aliongeza: usajili 1,500, sare 3,500, kitambulisho 500, bima 1,000, ada ya mazoezi hospitalini 6,000, mtihani 5,000, mahafali 3,000. Jumla Sh48,500. Nauli na chakula havimo.

Kwa hivyo usilinganishe mabango. Linganisha jumla, tangu siku ya kujiandikisha hadi siku ya mshahara wa kwanza. Kisha uliza: cheti hiki nani atakitambua?

Kozi fupi

Ndiyo nafuu kuliko zote, inapatikana karibu kila mji, na vyuo vingi havikazii alama za KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari. Ukiwa na haraka ya kuingia kazini, inafaa.

Lakini elewa unachonunua. Kozi hii haikufanyi muuguzi, na Baraza la Wauguzi la Kenya halitakusajili kwa cheti hicho. Kazi yako itakuwa kuosha, kulisha, kugeuza na kutembeza. Waajiri wengi ni familia, na makubaliano mara nyingi ni ya mdomo. Dai maandishi: saa za kazi, siku ya mapumziko, zamu za usiku.

Kuhusu malipo, kima cha chini kilichoanza kutumika Novemba 2024 kwa yaya na mfanyakazi wa nyumbani jijini Nairobi, Mombasa na Kisumu kilikuwa Sh16,113.75 kwa mwezi, bila posho ya nyumba. Wewe uliyesomea kazi usikubali chini ya hapo. Na ukilipwa kiasi hicho, chote kisiguswe, gharama ile ya Sh48,500 utairudisha kwa miezi mitatu na ushei. Ukitoa kodi na chakula, hesabu mwaka.

Kabla ya kulipa, hakikisha chuo kina leseni ya TVETA, mamlaka ya vyuo vya ufundi, kisha uliza nani anatahini. Cheti kilichotahiniwa na chombo cha kitaifa, kama TVET CDACC au NITA, hudumu. Kile kinachotiwa mhuri na chuo chenyewe tu hupoteza nguvu siku chuo kikifungwa.

Omba pia kuona chumba cha mazoezi. Katika chuo cha pili, mwalimu alimlaza mwanafunzi kitandani akatuonyesha namna ya kumgeuza mtu mzito kwa shuka iliyotandikwa chini ya kiuno, bila kumvuta mkono. Akamaliza kwa kukagua visigino na makalio, mahali vidonda vya kulala huanzia. Chuo cha kwanza kilikuwa na viti na ubao tu. Cha pili kilizidi kwa Sh6,000, na hapo ndipo mpwa wangu alipojiandikisha. Fedha hizo hazikupotea.

Diploma ya uuguzi

Hii ni miaka mitatu, na KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, kina kampasi katika kaunti nyingi. Unahitaji wastani wa C katika KCSE, pamoja na alama nzuri za Biolojia na za Kiingereza au Kiswahili. Mzigo si karo peke yake: kuna malazi, sare, vifaa, ada za Baraza na mtihani wa usajili. Ukianza kazi, leseni nayo ni ya kulipiwa kila inapohuishwa.

Ajira ya serikali inaweza kuchelewa, tena sana. Hata hivyo, hiki ndicho cheti kinachodumu kuliko vyote: unasajiliwa, na usajili huo unatambulika hospitalini kokote nchini. Kama alama unazo lakini fedha huna, peleka ombi HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, kabla hujauza shamba.

Ujerumani

Kuna mafunzo ya uuguzi ya miaka mitatu ambayo hayana karo, na mwanafunzi hulipwa, kwa kawaida zaidi ya yuro 1,000 kwa mwezi kabla ya makato. Gharama imejificha kwenye lugha. Shule nyingi hutaka Kijerumani cha kiwango cha B1 au B2, na kila ngazi ina karo yake na mtihani wake. Ongeza tafsiri ya vyeti, viza na tiketi. Ukianzia sifuri, tenga mwaka mzima au zaidi bila mapato.

Makubaliano ya Kenya na Ujerumani ya Septemba 2024 hayamtengei mtu nafasi. Wakala akidai anakuuzia nafasi kwa jina la makubaliano hayo, ondoka.

Uingereza

Tangu tarehe 22 Julai 2025, Uingereza imefunga viza mpya kwa watunzaji wanaoajiriwa kutoka nje. Wauguzi waliosajiliwa bado wana njia. Anayekuomba laki kadhaa leo kwa kazi ya utunzaji huko anakuuzia hewa. Kwa nchi yoyote, tafuta jina la wakala katika orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, kabla hujatuma hata shilingi.

Uamuzi

Una chini ya Sh60,000 na unahitaji kazi mwaka huu? Chukua kozi fupi yenye mtihani wa kitaifa. Una C na mtu wa kukushika mkono miaka mitatu? Nenda diploma, hata kama rafiki zako wataanza kulipwa kabla yako. Unaitaka Ujerumani? Lipia ngazi ya kwanza ya lugha pekee, ujipime, ndipo uendelee.

Na popote utakapokwenda, usitoke ofisini bila orodha kamili ya ada yenye mhuri, na ulipe kwa akaunti ya chuo, kamwe si kwa simu ya karani. Asiyetaka kukuandikia gharama zote leo, atakuandikia moja moja ukiwa umeshalipa.